Mwaka wa Kupiga Sehemu ya Deo

Kwenye matanga ya Gaspari, huko Kinanira, wajukuu zake waliniomba nipige. Walikuwa wamekwisha kuleta kinanda chao, chembamba kama ubao wa kupigia pasi, wakakiweka sebuleni karibu na gitaa la besi la marehemu ambalo hakuna aliyethubutu kulisogeza. Nikauliza nani atapiga pamoja nami. Wakacheka. Mmoja, kijana mwenye adabu zake, akaniambia kwamba mimi ni orkestra nzima: ngoma zimo humo ndani, besi imo, saksafoni imo, nibonyeze tu. Kila mtu pale aliona ni sifa, na wazee wawili watatu walitikisa vichwa wakiniangalia kwa fahari. Mimi nikasema mkono unaniuma, nikatoka kukaa barazani na kunywa chai ya msibani. Mkono haukuwa na neno. Kilichoniuma ni mwaka mmoja, mwaka wa pili wa vita, ambao Gaspari na mimi tulikubaliana bila kusema kwamba hatutauzungumza, na sasa yeye amekwenda na ameniachia niubebe peke yangu. Nami sina nguvu hizo. Kwa hiyo nauandika.

Ya kuzaliwa kwangu mtaa wa Buyenzi, ya baba na mama, na jinsi mtoto wa madrasa alivyoishia kwenye muziki wa hoteli, mtu akiyataka awaulize wazee wa Buyenzi. Watamweleza yote na chumvi juu. Hapa inatosha kujua kwamba maisha yangu yote nimekuwa mtu wa pembeni. Nasema hivyo bila kinyongo. Kwenye jazi kuna anayesimama mbele na kuna anayekaa nyuma akimtandikia njia, na mimi nilizaliwa kuwa huyo wa nyuma. Mwenye saksafoni akivuta pumzi, mimi naweka sauti mbili tatu ili kimya kisimwaibishe. Akipotea, namrudisha nyumbani bila watu kujua kwamba alipotea. Kazi yangu ikiwa nzuri, hakuna anayekumbuka kama nilikuwepo. Wapo wapiga kinanda ambao jambo hili linawanyima usingizi. Mimi nililipenda, kwa sababu ukikaa nyuma unawaona wote, na hakuna anayekutazama unapowatazama.

Tulipiga kwenye hoteli moja kando ya ziwa. Gaspari alikuwa na besi na ndiye aliyekuwa kiongozi, sote tukimwita Shefu. Deo alikuwa na saksafoni. Mimi nilikuwa na kinanda cha umeme ambacho hoteli ilikinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekimbia vita, mashini nzito yenye vitufe vingi, na kila kitufe kina sauti ya chombo chake. Ngoma zilipigwa na Mkongo wa Uvira, lakini mwanzoni mwa mwaka ule alirudi kwao, na Patroni, msimamizi wa hoteli, akauliza kama kweli mashini ina ngoma ndani yake. Nikamwonyesha. Nilijivuna hata kidogo, maana hakuna siku Patroni aliwahi kuniuliza kitu. Tangu hapo ngoma zikawa ni kitufe, na hakuna aliyetafuta mpiga ngoma mwingine.

Zamani tulipiga usiku kama wanamuziki wote wa dunia. Vita vilipoleta kuvrefe, amri ya kila mtu kuwa ndani kwake giza likiingia, hoteli ilihamishia densi mchana, ikaiita matine. Watu walikuja Jumamosi baada ya chakula wakiwa wamevaa nguo za usiku, wanawake na vitambaa vya kumetameta, wanaume na tai. Wahudumu walifunga mapazia mazito na kuwasha taa nyekundu, na mle ndani tukajifanya kwamba ni usiku. Jua lilipenya pembeni mwa pazia na kuchora mstari sakafuni, na wachezaji waliukwepa mstari ule kana kwamba ni waya wa umeme. Hakuna aliyewahi kuufanyia mzaha. Saa ikikaribia, Patroni alifungua mapazia mwenyewe, mwanga ukatumwagikia, na wale mabwana na mabibi wakatoka haraka kwenda majumbani na nyuso za watu walioamshwa.

Sisi tulikusanywa na kamioneti ya hoteli. Dereva alikuwa Hamisi, jirani yangu wa Buyenzi. Alianzia kwangu, akampitia Shefu, kisha akapanda kaskazini hadi Kamenge kumchukua Deo. Mji ulikuwa umegawanyika mtaa kwa mtaa, hawa huku na wale kule, na mtu aliyeonekana mahali pasipo pake hakuulizwa mara mbili. Sisi wa Buyenzi tulihesabiwa kuwa Waswahili tu, watu wa kila upande na wasio wa upande wowote, na hiyo ilimsaidia Hamisi kupita. Kati ya Kamenge na ziwa palikuwa na vizuizi, vingine vya askari, vingine vya vijana wenye mawe na mapanga, na Deo alivipita kwa sababu moja tu: alikuwa ndani ya gari la hoteli ambayo wakubwa walikwenda kucheza.

Kabla ya kupiga tulikula katika chumba cha vitambaa vya meza, nyuma ya chumba cha dobi. Nakipenda chumba kile hadi leo. Kilinuka sabuni na pasi ya makaa, vitambaa vyeupe vimepangwa hadi dari, na sisi watatu tumekaa juu ya makreti ya bia tukila alichotuletea mpishi: ugali wa muhogo, dagaa tunaowaita ndagala, mchicha wa lengalenga, siku njema kipande cha samaki wa mukeke. Deo alikula polepole akiwa ameweka ule ulimi mdogo wa mwanzi wa saksafoni shavuni, uendelee kulowa. Alisema mkewe, Spesi, ndiye anayeulowesha kila Jumamosi asubuhi yeye akioga, na kuujaribu kwa kupuliza mwanzo wa ule wimbo wetu wa polepole uliopendwa na wachezaji, mwanzo tu, kisha anampa mwenyewe. Alinitania kwamba Mswahili anakula kama mtu anayefukuzwa. Nilimwambia mtu wa Kamenge anakula kama mtu aliyelipiwa.

Ukutani palikuwa na tundu la kupitishia sahani kwenda jikoni, na kupitia tundu lile tulijua mambo ya hoteli kuliko Patroni mwenyewe. Tulijua nani kati ya wahudumu amefiwa, nani amehama, barabara gani imefungwa. Tulijua pia kwamba nyuma ya uwanja kulikuwa na vyumba vya watumishi, na kwamba Patroni alikuwa ameanza kuvigawa kwa watu ambao hoteli haiwezi kufanya kazi bila wao. Mpishi alikuwa amekwisha kuhamia na wanawe. Deo alisikia hayo akitafuna. Jumamosi ile alipiga kama mtu aliyeitwa kwenye usaili.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo kamioneti ilirudishwa kwenye kizuizi cha kwanza, kulikuwa na risasi juu kule, na Deo hakuja. Ukumbi ulikuwa umejaa. Shefu akaniangalia, akaniuliza kama mashini ina saksafoni. Ilikuwa nayo. Nilipiga sehemu za Deo kwa mkono wa kulia na zangu kwa kushoto, na kwa kuwa nilikuwa nimezifuata miaka yote, nilizijua kuliko ninavyoijua Fatiha, Mungu anisamehe. Watu walicheza. Wengine walipiga makofi kuelekea mahali Deo alipozoea kusimama. Nilifurahi, sikatai. Kisha, tukiwa chumbani tunakusanya nyaya, tulimsikia Patroni jikoni akimwambia mkuu wa wahudumu.

"Kama mashini inaweza, mi nitume gari kule juu kwa nini? Gari ikichomwa, nani ataniletea ingine?"

Shefu aliendelea kukunja waya. Ulikuwa umekwisha kukunjika, naye akaukunjua na kuukunja tena. Jumamosi iliyofuata Hamisi aliambiwa aishie kwa Shefu, asipande kaskazini.

Deo alikuja kwa miguu. Sijui alipita wapi. Saksafoni aliitia ndani ya gunia la unga, maana kasha lake lilifanana na la bunduki, na juu yake akaweka viazi. Alifika tukiwa katikati ya wimbo, akasimama mlangoni na vumbi hadi magotini, akasikiliza mashini ikipiga sehemu yake. Nilitamani ardhi inimeze. Patroni alimruhusu apige zilizobaki, kisha akamwambia kwa upole, kwa upole kabisa, kwamba asijihatarishe tena, hoteli itamwita mambo yakitulia. Tulipoingia chumba cha vitambaa nilianza kuomba radhi na Deo akanikatiza.

"Umepiga vizuri, sha. Lakini haupumue. Mutu mwenye kupiga hii chuma anapumua. We unaenda tu kama maji ya robine ikiachwa wazi."

Akaketi kwenye kreti, akanionyesha pale pale, bila saksafoni, kwa mabega yake: hapa anavuta, hapa anaiba pumzi kidogo, hapa anaishiwa kabisa na kuiacha sauti ife. Alinifanya nirudie na vidole juu ya kitambaa cha meza hadi aliporidhika. Nikamuuliza kwa nini ananifundisha kazi yake. Akasema kama ni kumuiba basi nimuibe vizuri, akacheka, akafunga gunia. Hakucheka kwa muda mrefu. Alisema majirani wanaondoka mmoja mmoja kwenda milimani, kwamba Spesi hataki kwenda milimani, na kwamba angekuwa na chumba hapa chini, hata kimoja, hata cha kulala na makreti, angemleta. Tulimsindikiza hadi barabarani. Shefu alimvulia koti lake na kumpa. Deo alilivaa ingawa mikono ilimfikia kwenye viwiko, akaondoka akipandisha na gunia begani.

Wiki ile nzima nilifikiri kwa hasira, na mtu wa pembeni hazoei hasira. Jambo lilikuwa wazi kama sahani: gari na chumba ni vya mtu ambaye hoteli haiwezi bila yeye, na mimi ndiye niliyeionyesha hoteli kwamba inaweza. Sikuwa nimemfanyia Deo ubaya. Nilifanya kazi niliyoagizwa. Lakini kazi hiyo ilikuwa inamfungia nje. Basi Jumamosi iliyofuata, zamu ya Deo ilipofika, niliondoa mkono wa kulia na kuuweka pajani.

Watu ambao hawajapiga muziki hawatajua lilivyokuwa gumu. Mkono ule ulikuwa umefundishwa kuziba kila pengo, na ulinicheza pajani kama samaki. Besi ya Shefu na mkono wangu wa kushoto vilitembea vyenyewe gizani. Wachezaji walienda hatua kidogo, wakasimama wameshikana, wakatazama mahali patupu pa Deo. Patroni alikuja mbio. Nikamwambia ile sauti ya saksafoni imekufa, vumbi limeingia. Aliinama juu ya mashini kama mtu anayenunua mbuzi asiyejua mbuzi, akabonyeza hapa na pale. Nilikuwa nimelegeza waya wa ile sauti nyuma ya mashini. Akamgeukia Shefu. Shefu, aliyeweza kusikia uzi mmoja umelegea upande wa pili wa ukumbi, alisema tu, "Ndiyo, Patroni. Imekufa." Hatukuzungumza juu yake tena, na tuliendelea hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Watu walianza kupungua. Patroni alinuna, na sisi tuliendelea kumwachia pengo lake.

Ukombozi uliletwa na harusi. Mfanyabiashara mmoja mkubwa alikodi ukumbi kumwozesha bintiye, na binti alitaka jambo moja: acheze na mumewe ule wimbo wa polepole, na saksafoni yake, kwa sababu ndio waliochumbiana nao. Baba mtu hakutaka kusikia habari za vumbi. Shemeji yake alikuwa mkubwa jeshini, naye akatoa ruhusa kwa vizuizi vyote: gari la hoteli lipite, limchukue mwanamuziki mmoja na chombo chake, lirudi. Mmoja. Shefu alimwomba Patroni aombe wawili, mtu na mkewe. Patroni akasema hataki kubembeleza jeshi. Lakini alikubali kwamba mwanamuziki akifika apewe chumba, ili hoteli isisumbuke tena kumtafuta. Nilimshika Hamisi mkono wakati anawasha gari, nikamwambia amwambie Deo kwamba chumba kipo, na kwamba kuhusu Spesi tutapiga kelele Jumatatu.

Tulipiga nyimbo zote za haraka tulizozijua na nyingine tukazirudia. Keki ilikatwa. Bibi harusi alianza kutuangalia. Ndipo mlango wa chumba cha dobi ukafunguliwa, na nyuma ya Hamisi akaingia Spesi, mke wa Deo, amevaa koti la Shefu, saksafoni mikononi.

Hamisi alitusimulia kwa kunong'ona, jasho likimtoka. Alimkuta Deo tayari mlangoni, akampa salamu zangu zote. Deo akauliza mara mbili kama ni mtu mmoja. Kisha akamvua mkewe kitenge cha mabegani, akamvika koti, akampakia. Hamisi alibisha, Deo akafunga mlango wa gari. Kwenye kizuizi kikubwa askari alimtazama Spesi, akasema alitarajia mwanamume, na kama huyu ni mwanamuziki basi apige. Spesi akauchukua ule mwanzi uliokuwa umekwisha kulowa, akaufunga, akapuliza mwanzo wa wimbo wa polepole. Mwanzo tu, ndio alioujua. Askari hakusubiri zaidi, akainua ubao.

Shefu akamuuliza Deo yuko wapi. Spesi hakulia. Alisema kama anayejibu swali la dukani. "Walisema mutu mumoja. Basi ni mi."

Patroni alikuwa amekwisha kufika, anatafuta mwanamume nyuma yetu. Na hapo Gaspari, ambaye kwa wiki nzima alikuwa hasemi maneno ya kujaza kikombe, alinyoosha mgongo na kusema uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kumsikia nao.

"Huyu ni mwanafunzi wa Deo. Anapiga kama yeye." Halafu akanigeukia. "Saidi, ile sauti yako iliyokufa. Ifufue."

Tulimsimamisha mbele, na maikrofoni ambayo waya wake tulikuwa tumeuchomoa. Nilikaza kilicholegea, nikashusha kichwa. Wimbo ulianza, na Spesi akaweka chuma mdomoni bila kupuliza, akatembeza vidole kama alivyomwona mumewe akivitembeza miaka yote sebuleni kwao. Nilitaka kupiga kama Deo alivyonifundisha, lakini sikuhitaji kukumbuka. Mabega ya Spesi yalikuwa yanapanda pale ambapo Deo alivuta pumzi, na yanashuka alipoishiwa. Alizijua pumzi zake zote. Nikafanya kazi yangu, nikamfuata. Bibi harusi alilalia kifua cha mumewe. Wengine waliacha kucheza ili wamtazame vizuri, maana mwanamke na saksafoni hawakuwahi kumwona. Walipopiga makofi nilimwona Patroni kando ya pazia, amefungua mdomo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokota kitu njiani.

Alimpa chumba jioni ile ile, kabla ya kuvrefe. Jumatatu Shefu na mimi tulikwenda ofisini kwake, tumevaa vizuri, kuomba gari limfuate Deo. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, na sidhani alikuwa na ubaya moyoni, aliuliza tu: "Wa kazi gani tena? Saksafoni iko." Tulirudi siku nyingine na nyingine. Hamisi alijitolea kwenda bila ruhusa, akarudishwa na mtutu tumboni. Kisha jeshi lilipanda Kamenge, na waliokuwamo wakatoka jinsi walivyoweza, na nyumba zikabaki milango wazi. Deo hakuonekana milimani, wala hospitali, wala kambi yoyote tuliyoweza kuuliza.

Muda uliobaki wa mwaka ule tulipiga kila Jumamosi, mapazia yamefungwa. Watu walikuja kutoka pande zote za mji walizoweza kutoka kumwona mwanamke wa saksafoni. Patroni alimnunulia gauni refu. Katika chumba cha vitambaa alikula nasi, akikaa kwenye kreti la mumewe, na tulizungumza habari za chumvi na pilipili. Mara moja tu nilijaribu kumwambia kwamba ningejua hawatamfuata Deo, nisingeifufua ile sauti. Akaniambia nimpe maji.

Mwishoni mwa mwaka alisikia kwamba watu wa Kamenge wako kwenye makambi upande wa Kigoma. Hamisi na mimi tulimpeleka bandarini, akapata nafasi kwenye boti ya mizigo, katikati ya magunia. Wapagazi walikuwa wanapiga kelele, na nahodha ametuambia tuharakishe. Nilimpa mkono. Hakuuachia.

"Shemeji, unajua aliniambia nini pa mulango ya gari?"

Nikasema sijui.

"Alisema, upige vizuri, wasinikumbuke. Wakinikumbuka, watakufukuza."

Aliuachia mkono wangu, akapanda. Nilisimama pale gatini hadi Hamisi aliponivuta. Tulikuwa tumepiga vizuri.